Mama Ehe na Maneno ya Kiwembe

Dada yangu ni mwalimu wa hesabu, na wanafunzi wake wanamwita Mama Ehe. Jina hilo alilipata kwa sababu mtu akimweleza jambo lake yeye hasemi pole, hasemi maskini, wala haanzi kusimulia ya kwake. Anasema "ehe", basi, na mikono yake inaendelea na kazi iliyokuwa ikiifanya, iwe kusahihisha madaftari au kuchambua mchele. Hata kukutazama hakutazami. Anasema mtu akitazamwa usoni wakati anataka kutoa ya moyoni, anakumbuka kwamba ana uso, anaanza kuutengeneza.

Mimi ni mdogo wake wa kike wa kufuatana, fundi cherehani, na tabia hiyo sina hata chembe. Mtu akianza kunisimulia, hajafika katikati nimeshamkatiza, nimeshamkasirikia aliyemkosea na nimeshavaa kandambili niende nikampe ukweli wake. Tunakaa nyumba moja tangu shemeji alipofariki. Cherehani yangu iko barazani, meza yake ya kusahihishia iko sebuleni, na mlango wa katikati haufungiki kwa kuwa mbao zake zimevimba. Kwa hiyo nayajua ya shule ile kuliko inavyonipasa. Na haya ninayoyasimulia nayasimulia kwa hasira, nakwambia mapema, usije ukasema nilikuficha.

Wewe umewahi kuingia ofisi ya walimu ya shule ile? Mimi nimeingia, kupeleka sare. Ni chumba kirefu, meza zimebanana, na katikati kuna njia ya kupita mtu mmoja. Mwanafunzi akiitwa kwa kosa, anasimama kwenye njia hiyo, mikono nyuma, macho chini. Aliyemwita anaanza kumsema. Wa meza ya pili anadakia. Wa meza ya tatu, ambaye hata hajui kosa lenyewe, naye anatia lake. Anayepita na kikombe cha chai anamsukuma kidogo kwa kiwiko na kumuuliza kama kwao hawafundishwi adabu. Wote wanacheka. Kisha mtoto anaambiwa, "Haya, jieleze." Ajieleze kwa nani, jamani? Kwa kikombe cha chai?

Dada alikuwa na meza kwenye kona ya chumba hicho, na kila mkorofi aliyewashinda wengine aliishia kwenye kona hiyo. Yeye alikuwa akimvutia kiti. Walimu wenzake walikiona kiti hicho kama tusi. Mwanafunzi aliyekosa anakalishwaje kitako mbele ya walimu? Mwalimu wa nidhamu, ambaye wanafunzi wanamwita Bwana Filimbi kwa sababu ya filimbi anayoivaa shingoni hata akienda msalani, alimwambia mbele ya watu, "Mwalimu, unawadekeza, halafu wakiota mapembe unatuletea sisi tuyakate." Dada akasema ehe, akaendelea kusahihisha. Mimi ningemmezesha filimbi ile.

Basi mwalimu mkuu akaenda kwenye semina, akarudi na maneno mapya mdomoni. Ushauri nasaha. Kusikiliza. Kumwelewa mtoto. Alitamka maneno hayo mstarini kwa sauti ya mtu aliyenunua viatu vipya na anataka kila mtu aangalie chini. Stoo ya mipira iliyopasuka ikafagiliwa, ikawekwa meza ndogo na viti, na ufunguo akapewa dada. Pazia nililishona mimi, la kijani, kwa kitambaa changu mwenyewe, sikutaka hata asante. Nilifurahi kwa kuwa niliona dada sasa ana mlango wa kufunga.

Lakini mwalimu mkuu alirudi na wazo jingine pia, sijui kama ni la semina au alilitunga njiani. Kila Ijumaa, baada ya chai, walimu wote wanakaa, na mshauri anasimama na kueleza nani kaja kwake wiki ile na kasema nini. "Ili tuwe na lugha moja," alisema. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Hakuna aliyeuliza mlango unafungwa wa nini kama Ijumaa unafunguliwa na kila kitu kinamwagwa juu ya sahani za maandazi. Dada alijaribu kupita katikati: alikuwa akisimama na kusema fulani anaendelea vizuri, fulani ana shida za nyumbani, na kukaa. Kwa muda wakamwachia.

Sasa Kiwembe. Huyo alikuwa msichana wa darasa la mtihani, darasa moja na mwanangu, na jina hilo walimpa wenzake kwa ajili ya ulimi wake. Alikuwa akichelewa karibu kila asubuhi. Mwalimu mmoja akamuuliza, "Ulikuwa unatandika vitanda vya mji mzima?" Kiwembe akajibu, "Na wewe jana ulichelewa, nani alikuuliza?" Alilala darasani. Aliyemgusa begani alipigwa kiwiko. Na kubwa kuliko yote, alikataa kuhama.

Shule ile wana utaratibu wao wa viti. Kila mwanzo wa mwezi safu zinasogezwa: wa nyuma wanakuja mbele, wa mbele wanarudi, ili kila mtoto apate zamu ya kuwa karibu na ubao. Ni utaratibu mzuri, siukatai. Kiwembe alikaa nyuma kabisa, pembeni ya dirisha, na mwezi ukianza yeye hatikisiki. Wakimbebea begi lake analifuata, analichukua, anarudi nalo. Wakimvuta, anauma. Ndiyo, alimng'ata kiranja mkono. Bwana Filimbi alimsimamisha juani, akamfagilisha uwanja, akampigisha magoti kwenye kokoto. Mwezi uliofuata msichana akakaa palepale.

Akaletwa chumba cha pazia la kijani. Siku za mwanzo hakusema kitu. Dada alikuwa akichukua kwangu mabunda ya nyuzi zilizotatizana, zile ambazo mimi nazitupa, akampa azifumue, na yeye akasahihisha. Wanakaa hivyo mpaka kengele. Sitaki kukudanganya kwamba nilikuwepo, lakini nyuzi zilikuwa zikirudi kwangu zimenyooka, nikajua kuna mtu anakaa muda mrefu mahali pamoja.

Halafu siku moja Kiwembe akasema. Dada hakuniambia, hana domo hilo. Nimeyajua baadaye, kwa midomo ya walimu wenzake, kama mji mzima ulivyoyajua, na ndiyo maana nayaandika. Hakuna tena wa kufichwa. Mama yake alipigwa na kiharusi, hainuki. Baba yake ni mlinzi wa ghala, analinda usiku, anarudi jua limeshatoka. Kwa hiyo asubuhi ni msichana na mama yake tu. Anamwosha, anambadilisha, anafua shuka, anazianika, ndipo anakimbia shule. Siku za mvua shuka hazikauki, chumba ni kimoja, na harufu ile anahisi imemganda hata kama amejisugua mpaka ngozi ikawaka. Ndiyo maana ya dirisha. Alisema hivi: "Nikikaa mbele, upepo unanipitia mimi kwanza ndipo uwafikie wao. Nikikaa pale nyuma unanipitia na kutoka."

Msichana wa umri ule amekaa amepima upepo wa darasa, na watu wanamwita mjeuri! Mpaka leo nikifikiria hilo damu inanichemka.

Ijumaa ikafika. Dada akasimama akaomba mambo mawili: Kiwembe aachwe kwenye kiti chake, na asubuhi asiadhibiwe kwa kuchelewa. Alitegemea walimu wenzake wamwamini, si ni mwenzao? Bwana Filimbi akasema, "Sababu? Hapa haturuhusu mtu mmoja avunje utaratibu bila sababu." Mwalimu mkuu akasema lugha moja, lugha moja. Dada akaona mtihani u karibu, na mtoto akipigishwa magoti kila asubuhi atakata tamaa na kuacha. Akapiga moyo konde, akaisema sababu. Yote. Akawaeleza mpaka habari ya upepo.

Walihuzunika sana, ati. Mmoja alifuta machozi. Wengine wakasema masikini, kumbe, tungejua. Maombi yakakubaliwa papo hapo, hakuna aliyepinga. Dada akarudi nyumbani siku hiyo uso umekunjuka, akaniomba nimtengenezee chai ya tangawizi, akasema leo walimu wamekuwa watu. Ulikuwa mwanzo wa mwezi, na Kiwembe hakusumbuliwa.

Hakusumbuliwa mpaka wiki ya mvua. Yaliyotokea siku hiyo niliambiwa na mwanangu, aliyekuja barazani na begi mgongoni akashindwa kukaa. Bwana Filimbi aliingia kufundisha jiografia. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya manyunyu. Alisimama mlangoni, akakunja pua, akatazama nyuma, akasema, "Jamani, fungueni madirisha. Naona leo shuka hazikukauka." Akacheka. Nusu ya darasa haikuelewa kitu, lakini mwalimu akicheka darasa linacheka. Kiwembe alielewa. Mwanangu anasema alisubiri mpaka kicheko kikaisha chote, akasimama, akanyanyua kiti chake akakirusha dirishani, vioo vikamwagika nje. Kisha kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, "Ulitaka yafunguliwe, mwalimu? Haya, yamefunguka." Akachukua begi akatoka.

Nikamsubiri dada. Alipoingia nikamwuliza, "Shuka ni nini?" Sikuwa najua bado, nilitaka tu kujua kwa nini msichana avunje dirisha kwa ajili ya shuka. Dada akaganda palepale kizingitini na madaftari kifuani. Akaniambia nirudie maneno ya yule mwalimu, neno kwa neno. Nikarudia. Akakaa kwenye ngazi, chini, na gauni lake la kazi.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe umefanya nini? Si yule mwenye filimbi?"

"Yeye aliyapata wapi? Mtoto alinipa mimi, mimi nikayapeleka kwenye chai."

 Alikaa pale ngazini akishika tama mpaka wateja wawili wakapita juu yake kuja kuchukua nguo zao.

Siku iliyofuata akaenda kwa kina Kiwembe. Akabisha, msichana akafungua mlango kiasi cha jicho moja. Dada akasema, "Nimekuja kukuomba radhi." Kiwembe akasema, "Shikamoo, mwalimu," akafunga. Huko ndiko kuomba radhi kulikoishia.

Shule ikatangaza kikao: kamati, walimu, na wazazi wa darasa lile. Ajenda ilikuwa moja, Kiwembe afukuzwe au asifukuzwe. Na kufukuzwa wakati ule kulikuwa na maana moja tu: hakuna mtihani. Miaka yote ile ya kukimbia na nywele zinachuruzika maji ingekuwa imekwenda na maji ya kufulia.

Tulikaa katika darasa lilelile, wazazi wazima kwenye viti vya watoto, magoti yanagonga meza. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kadibodi. Baba yake Kiwembe alikuja na sare yake ya ulinzi, ametoka zamu moja kwa moja, macho mekundu. Kila mtu alipotaja jina la binti yake alisimama nusu akasema, "Samahani, wakubwa, samahani." Hata mtu alipoomba mlango ufungwe alisema samahani. Kiwembe alisimama ukutani kando yake, na kila samahani ya baba ilimfanya akaze meno. Niliona shavu likicheza.

Mwenyekiti wa kamati ni mzee mwenye duka la dawa, mtu wa taratibu, si mbaya. Akasema, "Mali ya shule imevunjwa mbele ya mwalimu. Kanuni inajulikana. Lakini tusiseme hatukumsikiliza mtoto. Kama kuna sababu, tuisikie. Kama hakuna, tusipotezeane muda." Akamgeukia Kiwembe. "Binti, una la kusema?"

"Sina."

"Kabisa?"

"Nilishawahi kusema," akajibu. "Mara moja inatosha."

Wazazi wakaguna. Mmoja nyuma yangu akanong'ona mnaona kiburi hicho. Bwana Filimbi, mikono amefunga kifuani, alitikisa kichwa kwa huzuni, kama yeye ndiye aliyevunjiwa. Nakuapia, nilishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Mwalimu mkuu akasimama na sauti yake ya viatu vipya. Akasema shule ina kitengo cha ushauri nasaha, na mwalimu mhusika yupo. "Mwalimu, waeleze wazazi kama ulivyotueleza sisi. Wakijua hali ya nyumbani kwa binti huyu, nina hakika watamhurumia."

Hapo ndipo nilipoona mtego ulivyo, na dada yangu yuko ndani yake. Akisema, Kiwembe anabaki na anafanya mtihani. Asiposema, msichana anakwenda nyumbani. Ni maneno yaleyale, safari hii mbele ya baba mwenye sare, mbele ya wazazi ambao watayabeba mpaka sokoni. Moyoni nilimwambia, sema dada, sema basi, yeye atakuchukia lakini atasoma! Nakiri niliyataka hayo. Mimi si mtu wa kusubiri.

Dada alisimama. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana kitu mikononi. Hakuwatazama wazazi, hakumtazama mwenyekiti. Akamgeukia msichana ukutani akamuuliza, kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Niseme?"

Nilijiuliza kama kuna mtu yeyote katika shule ile aliyewahi kumuuliza Kiwembe swali na kusubiri jibu. Walisubiri sasa, kwa kuwa dada alisubiri na hakuna aliyejua la kufanya.  Kiwembe alimtazama mwalimu wake muda mrefu.

"Usiseme," akasema.

"Basi la kwake sina ruhusa nalo," dada akawaambia watu. "La kwangu ninalo. Mtoto huyu alinipa maneno yake, nikayatoa kwenye kikao cha walimu bila kumwomba. Nilidhani namtetea. Yakatoka ofisini, yakafika humu darasani, akachekwa nayo. Dirisha mnaloliona limeanzia kwangu. Mkitaka kumfukuza mtu aliyevunja utaratibu, anzeni na mimi."

"Yakatokaje ofisini?" mwenyekiti akauliza.

Dada akakaa kitini. Hakutaka kumtaja mtu. Na mimi nikaona sasa heshima imezidi, nikasimama na kiti cha mtoto kimening'ang'ania nyuma, nikakibandua, nikasema, "Mwenyekiti, mimi ni mzazi. Tangu tumekaa mmemuuliza mtoto, mmemuuliza dada yangu, mmemfanya baba wa watu aombe samahani mpaka kwa mlango. Kuna mtu mmoja hamjamuuliza kitu. Muulizeni mwalimu wa jiografia alisema nini kabla kiti hakijaruka."

Bwana Filimbi akasema, "Nilisema wafungue madirisha. Kulikuwa na joto."

"Joto na mvua inanyesha?" nikasema.

"Mama, kaa chini."

"Mimi si mama yako. Rudia maneno yote, mwalimu, kama ulivyoyasema. Na kicheko ukiweke."

"Siwezi kukumbuka kila neno ninalolisema darasani."

Wazazi wakaanza kutazamana, halafu wakaanza kutotazamana. Hapo nikaelewa kwamba walikuwa wanajua. Kila mmoja alikuwa na mtoto nyumbani, na kila mtoto alishasimulia. Walikuwa wamekuja wanajua, wakakaa wanajua, wakaguna kuhusu kiburi wakiwa wanajua. Sijui hasira yangu ingeishia wapi, maana sasa ilikuwa imewaenea wote, hata aliyenong'ona nyuma yangu.

Dada ndiye aliyesema, polepole. "Mwalimu mwenzangu, baba yake yuko hapa. Yatamke mbele yake. Kama yanatamkika mbele ya baba yake, mimi naacha kazi leo. Kama hayatamkiki, mwenyekiti ameshapata jibu lake."

Bwana Filimbi alimtazama yule mlinzi. Mlinzi akamtazama yeye, na safari hii hakusema samahani. Filimbi ile shingoni ilipanda na kushuka. Hakutamka kitu.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema kamati itakaa peke yake.

Ukidhani haki ilitendeka, hujaijua shule ile. Walitoka na uamuzi wa kugawa nusu kwa nusu, kama watu wanaogombea kuku. Kiwembe atafanya mtihani, ndiyo, hilo walilikubali. Lakini mpaka siku ya mtihani asikanyage darasani, na baba yake alete kioo kipya. Bwana Filimbi ameonywa kwa mdomo. Mdomo ulimponza na mdomo umemwonya, basi, kaenda zake kula. Na dada yangu aliondolewa kwenye ushauri nasaha kwa kuvujisha siri za wanafunzi! Kikao cha Ijumaa kinaendelea kama kawaida, lugha moja, maandazi mezani. Ufunguo wa chumba unajua alipewa nani? Bwana Filimbi. Kwa kuwa ana uzoefu na wanafunzi wakorofi. Nilikwenda siku hiyohiyo na ngazi yangu nikabandua pazia langu. Waendelee na dirisha tupu.

Tulipotoka kwenye kikao kile, Kiwembe alikuwa getini, baba yake mbele amechoka anatembea pole pole. Msichana alisimama mpaka tukamfikia. Hakumtazama dada.

"Hesabu nitasomea wapi?" akasema.

"Kwangu," dada akasema. "Jumamosi."

"Lakini sitaki maswali."

"Ya hesabu tu."

Nusura acheke, nilimwona. Akakimbia kumfuata baba yake.

Amekuja kila Jumamosi tangu hapo. Anafika akiwa amechelewa, hakuna anayemuuliza. Anakaa sebuleni, anapiga mahesabu, anakosea, anajikosoa kwa maneno ambayo mwalimu mwingine angemtoa nje, dada anamwonyesha tena. Mimi barazani mdomo unaniwasha. Nataka kumuuliza mama anaendeleaje, nataka kumpa kitambaa cha shuka, nataka kumwambia kwamba yule mtu ni shetani. Mara ya kwanza nilipoinua shingo tu, dada alinikata jicho kupitia mlango ule usiofungika, nikarudi kwenye mshono wangu.

Wiki baada ya wiki ikawa hesabu na kimya, na nikaanza kuamini kwamba ndivyo itakavyokuwa. Dada naye aliamini, ingawa hakusema. Alikuwa akimsindikiza mpaka ngazini, anasimama pale akimtazama anavyokwenda, kisha anarudi ndani na kuosha vikombe vilivyo safi.

Jumamosi iliyopita Kiwembe alimaliza swali la mwisho, akaweka kalamu. Sikusikia kiti kikisogea. Nikasikia sauti yake, ndogo kuliko ninavyoijua: "Mwalimu, jana mama alishika kijiko mwenyewe."

"Ehe," dada akasema, na nikasikia anavuta sinia la mchele.

Msichana akaendelea. Alisema kwa muda mrefu, na mlango ule haufungiki, nami nilikuwa nimeusimamisha mguu wangu kwenye pedali muda wote. Aliyoyasema nimeyasikia yote, neno kwa neno. Usiniulize.